Gesi Hailiwi

Kiyoyozi tulikinunua Februari ile
paa la South C lilipokuwa kikaango,
ila si kwa ajili ya paa.
Nyaboke alikuwa na jua lake mwenyewe:
lilichomoza kifuani saa nane za usiku,
likapanda shingoni, likamtoa jasho,
akaketi ukingoni mwa kitanda akijipepea
kwa bahasha ya bili ya maji.
Daktari alisema ni umri, utapita.
Hakusema lini.

Mwaka wa pili mashine ikaanza kupuliza
pumzi ya mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Fundi wa kwanza alikuja na pikipiki na miwani ya jua.
Hakufungua kitu. Alisikiliza tu, kama mganga,
akasema, "Gesi imeisha, mzee. Elfu tisa."
Nikalipa. Usiku ule tulilala kama ndani ya friji.
Wiki tatu, jua la Nyaboke likarudi,
na fundi naye akarudi: "Gesi imeisha."
Elfu tisa nyingine. Sikuuliza imekwenda wapi.
Mara ya tatu akakuna kichwa:
"Kompresa imekufa. Elfu sitini, na hiyo ni bei ya ujirani."

Mimi nilikuwa karani wa bohari ya reli miaka ishirini na sita;
nimehesabu misumari.
Nikatoa kopo la risiti, nikavaa miwani,
nikajumlisha, nikamwambia mke wangu:
"Mwili wako unakula karo ya watoto watatu."
Nikacheka. Peke yangu.
Alichukua bahasha yake akaenda kulala sebuleni,
chini, kwenye vigae.

Nekoye nilielekezwa na mwenye duka la vipuri kule Luthuli.
Ovaroli yenye viraka magotini, ngazi yake mwenyewe.
Alitaja bei kabla salamu haijapoa:
"Kutazama ni elfu moja mia tano. Nikitengeneza, naiondoa humo.
Ugonjwa siujui, kwa hiyo dawa siitaji."
Akafungua kifuniko, akavuta chujio.
Lilikuwa na manyoya kama paka mzee.
"Hili mlilifua lini?"
Nikatazama ukuta.

"Gesi hailiwi, baba," alisema kutoka juu ya ngazi,
"si sukari, si unga. Inazunguka, inarudi.
Ikipungua, pana tundu.
Anayekujazia bila kulitafuta
anatia maji kwenye pakacha, na maji unalipia wewe."
Akapaka povu la sabuni kwenye bomba la shaba,
na pale kwenye kiungo
povu likatoa jicho, likakonyeza.

Aliandika nyuma ya risiti ya yule wa pikipiki:
kuchomelea tundu, elfu mbili na nusu;
gesi, kwa kupima, elfu sita;
kapasita, kijikopo cha kuenea kiganjani, mia nane.
"Hiki ndicho kompresa yako iliyokufa.
Na hata ingekufa, karatasi ya dhamana iko wapi?"
Ilikuwa ndani ya kopo, chini kabisa, haijakunjuliwa.
Kompresa: miaka mitano.
Karani wa bohari, sikuisoma.

Nyaboke alikuwa amesimama mlangoni muda wote,
leso begani, uso unang'aa.
"Na mimi, mwanangu," aliuliza, "tundu langu liko wapi?"
Nekoye alikaza skurubu ya mwisho polepole.
"Mama yangu alilala barazani miaka minne," alisema.
"Baba alidhani ni hasira."

Sasa ni Julai, jiji limevaa sweta.
Jua lake limetua, au limechoka;
analala na blanketi hadi kidevuni,
na mashine imezimwa.
Bado kila Jumamosi ya kwanza nalitoa chujio,
nalifua kwenye karai, nalianika kambani
katikati ya gauni zake.

Jirani akija kuuliza, kutengeneza kiyoyozi ni pesa ngapi,
namtolea kopo.
Jumla ipo, nimeipigia mistari miwili.
Zile usiku za vigae hazimo.
Sikupewa risiti.